Mcheza Kwao Hutunzwa: Shaba, Ngoma na Majina ya Wachezaji

Wasikilizaji wapendwa wa Arua na Koboko, wa Maracha, Yumbe, Moyo na Nebbi, nanyi mlio ng'ambo ya mpaka, Aru na Ariwara upande mmoja, Kaya na Yei upande mwingine, leo nataka tuzungumze juu ya wachezaji ngoma na juu ya shaba. Watu wa nchi nyingine waliwasimamisha wachezaji katika madini ili sura ya mchezo isipotee. Sisi huku West Nile, ambako ngoma hailali, tunawaacha wachezaji wetu wapotee pamoja na vumbi la uwanja. Jambo hili linaniuma, na nitaeleza kwa nini.

Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Sote tumekuona kutunzwa huko. Ni arusini, adungu, vile vinubi vyetu, zimeshika moto, kubwa zinanguruma chini, ndogo zinajibu juu. Mama mmoja anaingia katikati, magoti yameinama kidogo, mabega yanafuata nyuzi bila kukosea. Shangazi ya bwana arusi anainuka kitini, anamwendea naye akicheza, anambandika noti ya shilingi elfu moja kwenye paji la uso lililolowa jasho. Noti inaanguka, mtoto anaiokota na kuitia beseni. Hiyo ni tuzo, na ni tuzo ya haki. Lakini ni tuzo ya siku ile. Ukirudi baada ya miaka ishirini ukauliza yule mama alikuwa nani, nani aliyempigia, nani aliyezichonga zile adungu, utaambiwa tu kwamba zamani palikuwa na wachezaji hodari.

Tuitazame shaba kwanza. Ninayoisema ni shaba nyeusi, inayopatikana kwa kuyeyusha shaba nyekundu pamoja na bati kidogo, mara nyingi kiasi cha sehemu moja ya bati kwa tisa za shaba. Ina sifa ambayo jiwe halina. Mchongaji wa marumaru akitaka kumwonyesha mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, hana budi kumwachia kisiki cha kumwegemeza, maana jiwe likibebeshwa uzito mahali pembamba huvunjika. Shaba hustahimili. Ndiyo sababu tangu kale mafundi waliotaka kuonyesha mwili unaocheza waliikimbilia. Huko Mohenjo-daro, katika bonde la Mto Indus, mwaka 1926 wachimbaji walifukua kisanamu cha msichana chenye urefu wa sentimita 10 na nusu tu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umejaa bangili. Umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 4,000, na waliomgundua walimwita msichana mchezaji. Kusini mwa India, enzi za wafalme wa Chola, miaka kama 1,000 iliyopita, mafundi walimmimina mungu Shiva akicheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja umeinuliwa. Na Italia, mnamo 1580, mchongaji Giambologna alimsimamisha mungu Mercury kwa ncha ya mguu mmoja, mwili mzima ukipanda juu kana kwamba ardhi haina kazi naye.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Fundi hulifinyanga umbo kwa nta juu ya kiini cha udongo. Huliwekea vijiti vya nta ambavyo baadaye vitakuwa njia za madini kuingia na hewa kutoka. Hulifunika lote kwa udongo, tabaka juu ya tabaka, likakauka, kisha hulitia motoni. Nta huyeyuka na kutiririka nje, na pale ilipokuwa panabaki uwazi wenye sura ya mtu. Shaba iliyoyeyuka, yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, humiminwa humo. Ikishapoa, kalibu huvunjwa kwa nyundo. Hata alama ya kidole gumba ambayo fundi aliiacha kwenye nta utaikuta kwenye shaba. Basi kumbukeni hilo: katika sanamu ya mchezaji, kidole cha fundi huhifadhiwa, na mara nyingi jina lake huchorwa chini. Je, jina la mchezaji?

Twende Paris. Mwaka 1881 mchoraji Edgar Degas alionyesha sanamu ya msichana wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa dansi. Ilikuwa ya nta, imevalishwa nguo halisi, nywele na utepe. Baadhi ya wakosoaji walimtukana yule mtoto, wakisema sura yake ni mbaya, wakamfananisha na nyani. Degas hakuionyesha tena hadharani maisha yake yote. Alikufa mwaka 1917, na baada ya kifo chake ndipo warithi wake walipoagiza sanamu zake zimiminwe kwa shaba. Leo nakala za yule msichana zimesimama katika majumba makubwa ya sanaa duniani, na mwaka 2022 moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 40. Msichana mwenyewe aliitwa Marie van Goethem. Wazazi wake walitoka Ubelgiji, mama yake alikuwa dobi. Mwaka 1882 aliachishwa kazi katika ukumbi wa Opera, na baada ya hapo habari zake zinafifia. Shaba yake ina thamani ya mamilioni, naye hatujui alizikwa wapi. Hata hivyo jina lake lipo, kwa sababu lilikuwa limeandikwa katika daftari, nasi tunaweza leo kulitamka kwa heshima.

Auguste Rodin naye alishikwa na ngoma. Mwaka 1906 wachezaji wa mfalme wa Kamboja walikuja Ufaransa, Rodin akawafuata hadi Marseille, akawachora mara kama 150. Mnamo 1911 akafinyanga visanamu vya wachezaji waliojipinda na kujinyoosha, ambavyo vilimiminwa kwa shaba baada ya kifo chake. Wazungu hao walikuwa wamechoshwa na sanamu za majenerali juu ya farasi. Waliutaka mwili ulio katika mwendo, na dansi ndiyo iliyowafundisha.

Sasa mtasema, haya ya Paris yanatuhusu nini sisi wa Arua? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Wenyeji wa Wadelai, kando ya Nile, wanalijua jina la Emin Pasha. Alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta, akakatwa na dunia baada ya vita vya Mahdi huko Sudan, akakaa Wadelai na askari wake. Miongoni mwa askari wale wamo mababu wa ndugu zetu Wanubi. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliongoza msafara kupitia Kongo kuja kumtoa. Kundi la nyuma liliachwa Yambuya, kwenye Mto Aruwimi, na katika kundi hilo alikuwamo kijana Mwingereza aliyeitwa Herbert Ward. Kundi lile lilipata mateso makubwa ya njaa, maradhi na ukatili, na wapagazi wengi walikufa. Ward hakufika Wadelai. Alirudi Ulaya, na baadaye akawa mchongaji huko Paris. Sanamu zake kubwa za shaba ni za watu wa Kongo, na mojawapo, ya mwaka 1902, ni ya mganga aliye katikati ya mwendo, mwili wote umeingia katika kazi yake. Ward alikufa mwaka 1919, na mnamo 1921 sanamu zake zikapelekwa Smithsonian huko Washington pamoja na silaha na vyombo vingi alivyokusanya Kongo.

Sikilizeni majina ya sanamu hizo: Mganga, Mkuu wa Kabila, Mwasha Moto, Mtengeneza Sanamu. Hakuna mtu pale. Kuna kazi na kabila tu. Fundi anajulikana, mwaka unajulikana, mwenye mwili hajulikani.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Ukitoka Arua, ukavuka Aru na kwenda magharibi kupita Watsa, unaingia nchi ya Wamangbetu. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme wao, Munza, akamwona mfalme huyo akicheza ngoma ndani ya ukumbi wake mkubwa. Kitabu alichokitoa baadaye kina mchoro wa Munza akicheza mbele ya wake zake. Mfalme alicheza, na kwa kuwa ni mfalme, akabaki na jina. Miaka sitini na mitatu baadaye, mwaka 1933, jumba la makumbusho la Field huko Chicago lilifungua ukumbi wa sanamu 104, nyingi zikiwa za shaba, zilizotengenezwa na Malvina Hoffman, mwanafunzi wa Rodin. Ukumbi ulikusudiwa kuwaonyesha Wamarekani aina za wanadamu. Alikuwamo mwanamke wa Kimangbetu, jirani yetu, na alikuwamo msichana wa Wasara, kutoka Chad, akicheza.

Huyohuyo Hoffman alikuwa amepata sifa akiwa kijana kwa sanamu za Anna Pavlova, mchezaji mashuhuri wa Urusi. Waliozitazama walijua mchezaji ni nani. Walisema ni Pavlova. Lakini katika ukumbi ule wa 1933 msichana wa Wasara aliwekwa awe mfano wa kabila lake. Mkono wa fundi ni mmoja, shaba ni ileile, heshima ni mbili. Mwaka 1969 ukumbi ule uliondolewa, kwa kuwa elimu ya kuwagawa wanadamu kwa aina ilikuwa imeporomoka. Mwaka 2016 sanamu kama 50 zilirudishwa hadharani, na safari hii wataalamu wa jumba hilo wakafanya kazi ya kuwatafuta watu walioonyeshwa, mmoja mmoja, kwa majina. Walichukua zaidi ya miaka themanini kuona kwamba mchezaji ni mtu.

Nisieleweke vibaya. Siwalaumu Wazungu peke yao. Nauliza sisi wenyewe, ambao tunajua vizuri kwamba mchezaji ni mtu, tumefanya nini?

Maana ngoma kwetu si pambo. Kwa Walugbara, mzee akifariki, msiba hauwi msiba mpaka ngoma ya ongo ichezwe. Wajomba wanakuja na kundi lao, wakwe wanakuja na lao, kila kundi linaingia kwa zamu yake, na zamu hiyo inaonyesha nani ni nani katika ukoo. John Middleton, mtaalamu Mwingereza aliyeishi kwa Walugbara kuanzia mwaka 1949, aliandika kwa makini jinsi ngoma za msiba zinavyoupanga upya ukoo baada ya kifo. Waalur na Wakebu wana agwara, tarumbeta ndefu zinazopulizwa ubavuni. Kila mwanamume ana tarumbeta yake na sauti yake moja, wala hana nyingine. Mmoja analia, wa pili anaingia, wa tatu anajibu, na wimbo unapatikana kwa kupokezana. Akikosekana mmoja, wimbo unatoboka. Mama zetu wa Kinubi hapa Arua na Koboko wana ngoma yao ya doluka. Na Wakakwa wa Koboko wanajua kwamba ngoma zao hazikujua mpaka uliochorwa katikati yao, kwani ndugu zao wako Yei na wengine Kongo, na wimbo ni mmoja.

Ngoma hizi zimetembea mbali. Baada ya vita vya 1979 vilivyoiangusha serikali ya Kampala, watu wa West Nile walikimbia kwa maelfu kuingia Sudan na Zaire ya wakati ule. Nyumba ziliachwa, mifugo ikapotea, ngoma nyingi za mti na ngozi zikabaki nyuma. Watu walichobeba ni hatua za miguu. Kule kambini walitafuta ngozi na mti mwingine, wakaanza upya. Leo sisi ndio wenyeji: Lobule hapa Koboko kuna ndugu wa Kongo, Rhino Camp na Bidi Bidi kuna ndugu wa Sudan Kusini, nao wanafanya vilevile. Bidi Bidi mwaka 2023 ilijengwa nyumba ya sanaa za maonyesho kwa matofali ya udongo, na paa lake linakinga maji ya mvua kwa matumizi ya watu. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini mwili peke yake hauwezi kuwa ghala la kila kitu. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza muziki na ngoma ya zeze la bakuli la Wamadi, liitwalo o'di, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Haraka, maana yake wanaojua wamebaki wachache na vijana wanaiona imepitwa na wakati. Wamadi ni jirani zetu wa Moyo na Adjumani. Ikiwa o'di imefika huko, nani atatuhakikishia kwamba agwara haitafuata?

Waliotutangulia walijaribu. Klaus Wachsmann, msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948, alizunguka nchi nzima na mashine ya kunasa sauti kati ya 1949 na 1954. Sauti hizo zilihifadhiwa London, na nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa hiyo mjukuu anaweza leo kwenda Kampala akasikia ngoma za Uganda za siku za babu yake. Kwa kazi hiyo tunashukuru. Lakini sauti haionyeshi goti lilivyoinama wala mkono ulivyopita. Hapo ndipo shaba inapokuwa na neno la kusema.

Wako watakaosema kwamba sanamu si desturi yetu. Ni kweli kwamba Walugbara na Wakakwa hawakuwa wachongaji wa sura za watu kama walivyo Wamakonde. Ustadi wao ulikaa katika vyungu, vikapu, vibuyu na vinubi. Lakini madini hayakuwa mageni kwetu. Wakebu walikuwa wahunzi wa eneo hili. Walichoma mawe ya chuma, wakafua majembe na mishale ambayo Waalur na Walugbara waliitumia, na jembe lao liliweza hata kulipiwa mahari. Aliyejua kutoa chuma katika jiwe hawezi kuambiwa kwamba kuyeyusha ni kazi ya wageni.

Wala hatuna haja ya kwenda Paris. Nchi yetu ina shaba nyekundu: mgodi wa Kilembe, kule Kasese, ulichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982. Ina bati pia, lililochimbwa Mwirasandu kusini-magharibi. Na mafundi wapo. Chini ya milima ya Rwenzori kuna kiwanda cha kumimina sanamu, Rwenzori Founders, ambako vijana wa Uganda wanafanya kazi ileile ya nta, udongo na moto niliyoieleza. Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, imetoa wachongaji wa kutosha. Mmoja wao, Gregory Maloba, ndiye aliyeijengea Kampala mnara wa Uhuru mwaka 1962, mama anayemwinua mtoto juu. Kampala ina mama yake. Arua, ambayo ni jiji tangu 2020, inaweza kumsimamisha mchezaji wake.

Najua pia kwamba wapo wazee, hasa katika familia za Kiislamu za Wanubi, Wakakwa na Waaringa, wasiopenda sanamu za watu. Nawaheshimu, na hoja yao haivunji hoja yangu. Yawezekana kumimina adungu, au safu ya tarumbeta za agwara kutoka fupi hadi ndefu, bila sura ya mtu yeyote, na chini yake bamba la shaba lenye majina. Maana mimi sipiganii sanamu kwa ajili ya sanamu. Ward aliwatengenezea Wakongo sanamu nzuri kwa mkono mmoja, kwa mwingine akawanyang'anya majina. Sanamu isiyo na jina humtukuza fundi na mnunuzi. Jina lisilo na sanamu bado humtukuza mchezaji. Tukilazimika kuchagua kimoja, tuchague jina. Lakini hatulazimiki, tunaweza kupata vyote viwili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza nawaomba viongozi wa vikundi vya ngoma, vya kanisani, vya arusini na vya shule. Wekeni daftari. Andikeni jina la mchezaji, jina la mpigaji, jina la aliyetengeneza ala, kijiji, na ngoma inachezwa kwa tukio gani. Ikiwa ni wa kundi la agwara, andikeni anapuliza tarumbeta ipi na anaingia baada ya nani, kwa sababu huo ndio wimbo wenyewe. La pili nawaomba walimu wa Arua na Koboko: mkiwapeleka watoto kwenye mashindano ya muziki na ngoma, watoto hao wajue walifundishwa na mzee gani, na mzee huyo atajwe jukwaani kwa jina lake, si kwa kabila lake. La tatu naliomba baraza la jiji la Arua, na halmashauri ya Koboko: mnapopanga bustani na njia panda za mji, tengeni mahali pamoja kwa ajili ya wachezaji na wapigaji. Waiteni vijana waliosomea kazi hiyo hapahapa Uganda, waiteni wazee waamue ni ngoma ipi na ni nani atajwe, kisha mmimine.

Nanyi wasikilizaji mlio nyumbani, msisubiri bajeti. Leo jioni, kabla hujalala, muulize mama au babu jina la mchezaji mmoja aliyemwona akiwa kijana, na kijiji chake, uliandike. Wiki ijayo tuleteeni majina hayo studio, nasi tutayasoma hewani, moja baada ya jingine. Tuzo ya noti ya elfu moja tumeitoa miaka mingi. Sasa tutoe tuzo ya jina.